Waya, Mawimbi na Foleni ya Data: Nani Apishwe Kwanza Mkongo Unapokatika?



Gari linalotoka Mto wa Mbu kwenda Karatu hupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwa barabara moja ya lami. Barabara hiyo hiyo hubeba gari la wagonjwa linaloteremka kwenda Arusha, lori la vitunguu vya Mang'ola, basi la abiria, bodaboda na magari ya watalii yanayoelekea lango la Lodoare. Siku njema wote hupita bila kuulizana. Lakini siku ambayo lori limekwama kwenye kona na nusu ya barabara imezibwa, swali huwa moja tu: nani apishwe kwanza? Dereva muungwana habishi. Gari la wagonjwa hutangulia.

Ipo barabara nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo hupanda ukuta huo huo. Ni njia ya data. Sehemu yake ni waya wa kioo uliofukiwa ardhini au kutundikwa kwenye nguzo, na sehemu yake ni mawimbi ya redio yanayoruka kutoka mnara hadi mnara. Juu yake husafiri majibu ya maabara, malipo ya ushuru, taarifa za shule, barua za ofisi, na pia video za kujiburudisha. Siku njia hiyo inapobanwa, swali la nani apishwe kwanza huwepo vilevile, ila hakuna trafiki anayeonekana akisimamisha na kuruhusu. Mada hii inaeleza namna wahandisi wanavyoongoza msongamano huo katika vituo vya data vyenye waya na mawimbi kwa pamoja, na kwa nini uamuzi wa mwisho unawahusu madiwani na wananchi, wala si mafundi peke yao.

Kituo cha data na mwananchi wa Karatu

Kituo cha data ni jengo au chumba chenye seva, yaani kompyuta zinazohifadhi na kuchakata taarifa kwa niaba ya kompyuta nyingine. Tanzania ina Kituo cha Taifa cha Data kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam. Ndani ya vituo vya namna hiyo seva hupangwa katika makabati. Kila kabati lina swichi yake, na swichi za makabati huunganishwa na swichi za tabaka la juu kwa nyaya nyingi, ili taarifa itokayo kabati moja iwe na njia zaidi ya moja ya kufika kabati jingine. Mpangilio huo una mizizi ya zamani: mwaka 1953 Charles Clos, mtafiti wa Bell Labs nchini Marekani, alionyesha kwa hesabu namna ya kuunganisha simu nyingi kwa kutumia swichi ndogo ndogo zilizopangwa kwa matabaka, badala ya swichi moja kubwa na ghali.

Chumba cha seva cha halmashauri yoyote ni kituo cha data kwa kipimo kidogo. Kina kabati moja au mawili, swichi, kiyoyozi na betri. Kutoka hapo huduma hutawanyika kwenda kwenye kata. Mfumo wa GoTHOMIS hutumika kusajili wagonjwa na kutunza kumbukumbu za matibabu katika vituo vya Serikali vya afya. Malipo ya Serikali hupitia mfumo wa GePG kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Mapato ya halmashauri huandikwa katika mfumo wa TAUSI. Kwa mwananchi aliyesimama dirishani, mifumo hiyo yote ina jina moja: mtandao. Ukifanya kazi, anahudumiwa. Usipofanya, anaambiwa arudi kesho.

Inafaa kuondoa dhana moja mapema. Watu wengi hudhani huduma huchelewa kwa sababu Dar es Salaam ni mbali. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Hata njia ya kilomita 800 huhitaji sehemu 4 tu za elfu za sekunde kwenda upande mmoja. Macho hayawezi hata kupepesa kwa muda huo. Kwa hiyo ukurasa unapochukua dakika nzima kufunguka, umbali si mkosaji. Mkosaji huwa ni foleni njiani, au njia iliyokatika, au mfumo wenyewe uliojengwa vibaya.

Waya na mawimbi: kila kimoja na tabia yake

Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009, nao unasimamiwa na TTCL. Sehemu zake zimefukiwa kando ya barabara kuu, na sehemu nyingine hutumia nyaya zilizowekwa juu ya njia kubwa za umeme. Sifa ya waya wa kioo ni utulivu. Haujali mvua wala ukungu, hubeba mzigo mkubwa, na data zinazokwenda hazigongani na zinazorudi. Udhaifu wake ni jembe. Mtambo wa kutengeneza barabara ukichimba mahali pasipo alama, au korongo likibomoka wakati wa masika, waya hukatika na kila kitu husimama kwa pamoja.

Mawimbi ya redio yana tabia nyingine. Hayahitaji mtaro, na mnara mmoja uliowekwa juu ya kilima huweza kulifikia bonde zima. Katika nchi ya miinuko kama hii, yenye Karatu upande mmoja, ukingo wa Kasoko ya Ngorongoro upande mwingine, na Endulen, Nainokanoka na Loliondo mbele yake, mawimbi ndiyo yanayofika kabla waya haujafika. Lakini masharti yake ni magumu. Mawimbi ya masafa ya juu hutaka antena zionane bila mlima kati yao. Mvua kubwa hupunguza nguvu yake. Na anga ni mali ya wote: vifaa vinavyotumia masafa yale yale mahali pamoja hulazimika kupokezana, mithili ya watu wanaozungumza katika baraza moja.

Jambo la msingi zaidi ni kwamba kasi ya redio si namba moja ya kudumu. Redio za kisasa hubadili namna ya kusema kulingana na hali ya hewa: kukiwa kweupe huzungumza haraka, mvua ikinyesha huzungumza polepole ili zisikike. Kiungo kilichonunuliwa kwa maelezo kwamba kina megabiti 200 kwa sekunde kinaweza kushuka hadi robo yake saa kumi ya jioni wakati wa mvua za Aprili. Anayeongoza msongamano akitegemea namba iliyoandikwa kwenye boksi atapeleka mzigo usiobebeka.

Watafiti walivyochanganya waya na mawimbi

Wazo la kutumia mawimbi ndani ya kituo cha data lilionekana geni mwanzoni, kwa kuwa jengo limejaa nyaya tayari. Mwaka 2011 watafiti wa Microsoft na Chuo Kikuu cha Washington walionyesha faida yake. Walianza na kupima. Waligundua kwamba makabati hayalemewi yote kwa wakati mmoja. Kwa kawaida ni machache tu yanayozidiwa, na kesho huwa mengine. Kujenga waya wa kutosheleza kila kabati katika saa yake mbaya kuliko zote ni gharama kubwa kwa njia ambayo muda mwingi italala. Badala yake walipendekeza waya ujengwe kwa mzigo wa kawaida, kisha redio ziwekwe juu ya makabati, ziunde njia za muda pale panapolemewa. Masafa waliyotumia ni ya gigahezi 60.

Mwaka uliofuata kundi lililohusisha watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, lilitatua kizuizi kilichobaki. Makabati marefu huzuia mawimbi ya majirani. Wakaelekeza mawimbi juu, yagonge dari kama mwanga unavyogonga kioo, yashukie kabati linalokusudiwa bila kupita katikati ya mengine.

Mafundisho ya kazi hiyo ni matatu, na yanafaa hata nje ya kuta za kituo. La kwanza, waya ubebe mzigo wa kudumu na mawimbi yabebe nafuu ya dharura. La pili, kipimo kitangulie uamuzi. La tatu, awepo msimamizi mmoja anayeona njia zote kwa pamoja, kwa sababu kila swichi ikijiamulia peke yake, zote huweza kukimbilia njia ile ile na kuiziba.

Lakini vifaa vyenyewe havihamishiki kirahisi kutoka darini hadi milimani. Masafa ya gigahezi 60 humezwa na oksijeni ya hewa: katika kila kilomita moja nguvu hupungua takriban mara 30, zaidi ya upungufu wa kawaida wa umbali. Ndani ya chumba hilo ni faida, kwa kuwa mawimbi hayasumbui majirani. Kutoka Karatu kwenda ukingo wa Kasoko ni bure tupu. Vivyo hivyo mawasiliano ya mwanga unaorushwa hewani bila waya, ambayo hufanya vizuri ndani ya jengo, yatashindwa asubuhi ukungu unapofunika ukingo, kwani ukungu huziba mwanga. Ndiyo sababu viungo vya milimani hutumia masafa ya chini zaidi. Mwenye kuandaa zabuni hana budi kuuliza hilo kabla ya kutia saini.

Tembo na panya

Wahandisi wa mitandao duniani kote wana majina mawili ambayo mkazi wa Ngorongoro atayaelewa upesi kuliko wao. Safari kubwa ya data, kama vile nakala rudufu ya kumbukumbu zote za mwezi, huitwa tembo. Safari ndogo, kama vile jibu la kipimo cha damu au uthibitisho wa malipo, huitwa panya. Katika vituo vya data panya ndio wengi kwa idadi, ilhali tembo, ingawa wachache, ndio wanaobeba sehemu kubwa ya uzito.

Hesabu ndogo inaonyesha tatizo. Chukua kiungo cha redio chenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde. Nakala rudufu ya gigabaiti 5 ni sawa na megabiti 40,000, hivyo itachukua sekunde 4,000, yaani zaidi ya saa moja na dakika 6. Jibu la maabara la kilobaiti 20 ni kilobiti 160, litachukua sehemu 16 za elfu za sekunde. Panya akimngoja tembo amalize, atangoja zaidi ya saa. Tembo akimpisha panya, atachelewa kwa muda usiohisika.

Kwa kweli rauta haingoji faili zima liishe. Data hukatwa vipande vinavyoitwa pakiti, na pakiti za watu wengi huchanganyika njiani. Hata hivyo, rauta ina chumba cha kungojea, na tembo hukijaza. Ikiwa chumba hicho kina nafasi ya megabiti 20 na kiungo kinatoa megabiti 10 kwa sekunde, kila pakiti mpya itakaa foleni sekunde 2. Ukurasa mmoja wa kusajili mgonjwa unaweza kuhitaji safari 20 za kwenda na kurudi kati ya kompyuta na seva. Sekunde 2 mara 20 ni sekunde 40. Muuguzi aliyebonyeza kitufe mara moja anadhani hakikufanya kazi, anabonyeza tena, na foleni inazidi.

Dawa yake inafanana na ile ya tembo wenyewe. Tembo wanaotoka msitu wa Ngorongoro kwenda upande wa Ziwa Manyara hutumia ushoroba wa Upper Kitete na Selela. Ushoroba ukiwa wazi hupita. Ukizibwa kwa mashamba na nyumba hawaachi kwenda. Hupita juu ya maharage ya watu. Mtandao nao humtengea tembo njia yake na saa yake. Penye waya na redio kwa pamoja, nakala kubwa hupelekwa kwenye waya, nayo hupangiwa saa za usiku. Panya huruhusiwa njia yoyote iliyo fupi kwa wakati huo. Zaidi ya hayo, pakiti za safari moja hupitishwa njia moja, maana zikigawanywa kati ya waya ulio mwepesi na redio iliyo nzito zitafika zikiwa zimepishana, na mpokeaji ataomba zirudiwe bila sababu.

Fundisho la mwaka 1986

Mwezi Oktoba mwaka 1986, kiungo kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani, kilishuka kasi kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Majengo hayo yametengana kwa mita zisizofika 400. Waya haukuwa umekatika. Kilichotokea ni kwamba njia ilijaa, baadhi ya pakiti zikatupwa, na kila kompyuta iliyokosa jibu ikatuma tena kile kile. Marudio yakaongeza msongamano, msongamano ukaongeza marudio. Njia ilikuwa imejaa kazi lakini karibu hakuna kilichofika.

Van Jacobson wa maabara hiyo, akishirikiana na Michael Karels, alitunga kanuni ambazo mpaka leo zimo katika itifaki ya TCP. Kiini chake ni adabu: mtumaji aanze polepole, aongeze kidogo kidogo, na akiona pakiti imepotea, apunguze kwa kiasi kikubwa. Kanuni hizo ziliuokoa mtandao wa dunia.

Hata hivyo kanuni hiyo ilizaliwa katika ulimwengu wa waya, ambako pakiti kupotea karibu daima humaanisha msongamano. Kwenye redio pakiti inaweza kupotea kwa sababu ya mvua tu, njia ikiwa tupu. Mtumaji hajui tofauti, anapunguza mwendo pasipo haja, na kiungo chenye nafasi kinatumika nusu. Kwa sababu hiyo redio nzuri hurudia zenyewe vipande vilivyopotea, haraka, kabla mtumaji wa mbali hajapata habari.

Mei 2024: siku njia ya bahari ilipofungwa

Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Mikongo hiyo ilianza kazi mwaka 2010 na 2009, na kwa miaka mingi ilionekana kuwa njia mbili. Siku hiyo ilidhihirika kwamba njia mbili zinazoweza kukatika kwa pamoja ni njia moja yenye majina mawili. Mwaka 2023 mkongo mwingine, 2Africa, ulikuwa umefikishwa pwani ya Dar es Salaam, na umuhimu wa kuwa na njia nyingine haukuhitaji tena kuelezwa.

Kwa halmashauri, tukio hilo lina somo la ndani ya nchi. Malipo yanayotoka Mang'ola kwenda seva iliyoko Dar es Salaam hayana haja ya kuvuka bahari. Lakini mfumo ukijengwa kwa namna ambayo ukurasa wake huita herufi, picha au uthibitisho wa nywila kutoka seva ya ng'ambo, utakwama siku bahari inapofungwa, ingawa seva yenyewe iko hapa nchini na inafanya kazi. Kila mfumo unaonunuliwa uulizwe swali moja rahisi: nchi ikitengwa na dunia kwa siku tatu, mfumo huu utaendelea?

Somo la pili ni la ukubwa wa njia. Njia kubwa ikikatika na mzigo wote ukamwagwa kwenye njia ndogo, hali ya mwaka 1986 hujirudia. Chukua ofisi yenye waya wa gigabiti 1 kwa sekunde na redio ya akiba ya megabiti 50. Redio hiyo ni sehemu moja ya ishirini ya waya. Ni sawa na magari yote ya barabara kuu kuelekezwa kwenye njia ya ng'ombe. Njia ya akiba bila utaratibu wa nani apite haitoi huduma ndogo, hutoa sifuri.

Nani aamue?

Hapo ndipo suala linapoacha kuwa la fundi. Kifaa kinaweza kupanga foleni kwa namna yoyote kinayoagizwa. Tangu mwaka 1998 wahandisi walipatana kwamba kichwa cha kila pakiti kiwe na biti 6 za kuonyesha daraja la huduma, zinazotosha alama 64. Kuweka alama ni kazi ya mchana mmoja. Kuamua alama ipi apewe nani ni kazi ya baraza.

Mfikirie muuguzi wa zahanati iliyo ukingoni mwa wilaya, mbele yake mama mjamzito anayetokwa na damu. Anahitaji kuona kumbukumbu za kliniki na kuipa hospitali taarifa kabla gari halijaondoka. Saa ile ile, malori ya vitunguu yamepanga mstari kwenye kizuizi yakingoja mashine ya POS itoe risiti. Madereva wanataka kulifikia soko la Arusha kabla ya jua kuwa kali, na fedha hizo ndizo zitakazonunua dawa za zahanati. Saa ile ile, watalii wako langoni wakisubiri malipo yathibitishwe, na walimu wanatuma takwimu ambazo mwisho wake ni leo. Mkongo umekatika, na redio ina nafasi ndogo. Kila mmoja ana hoja, na hakuna hoja ya kijinga.

Hesabu ya tembo na panya huleta faraja: taarifa ya mama huyo ni panya, na risiti ya ushuru ni panya pia. Wote wawili huweza kupita katika sekunde ile ile iwapo tembo wameondolewa njiani. Mara nyingi kinachomkwamisha muuguzi si lori la vitunguu. Ni masasisho ya programu za kompyuta ishirini za ofisini, na simu za mkononi zilizounganishwa na waifai ya ofisi zikitazama mpira. Mgogoro kati ya uhai na mapato aghalabu huwa ni mgogoro kati ya vyote viwili na uzembe.

Lakini si kila siku. Zipo dakika ambazo hata panya hawatoshi njiani, na hapo lazima mmoja atangulie. Uamuzi huo ukiachwa bila kuandikwa, utafanywa na bahati, au na aliye karibu na fundi, au na mwenye cheo anayepiga simu kwa sauti kubwa. Ukiandikwa mapema, ukajadiliwa hadharani na kupitishwa, muuguzi wa zahanati ya mbali atakuwa na haki sawa na ofisi iliyo mita kumi kutoka chumba cha seva.

Ni vema kuongeza tahadhari mbili. Ya kwanza: daraja la juu lisipewe ruhusa ya kumeza njia yote. Wahandisi humtengea kila mmoja kiasi cha chini asichonyang'anywa, ili daraja la mwisho lipunguzwe lakini lisife. Ya pili: kupanga madaraja hakuhitaji kufungua wala kusoma taarifa za mgonjwa. Alama huwekwa nje ya bahasha, ndani hubaki siri, kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavyotaka kulinda.

Mambo matano yanayoweza kuanza sasa

Kwanza, kupima. Kwa muda wa mwezi mmoja kitengo cha TEHAMA kiandike ni huduma gani zinatumia njia, kwa kiasi gani na saa ngapi. Upimaji huo haununui kitu. Vifaa vingi vilivyopo tayari huhesabu. Wengi watashangaa kukuta kwamba tembo mkubwa kuliko wote si huduma ya wananchi.

Pili, jedwali la madaraja manne. Daraja la kwanza liwe afya na dharura. La pili liwe malipo na mapato. La tatu liwe kazi za kawaida za ofisi na elimu. La nne liwe nakala rudufu, masasisho na matumizi ya burudani, ambayo yasubiri usiku au yasimame kabisa siku ya dharura. Jedwali lipite katika kamati na kubandikwa ukutani pamoja na ratiba nyingine.

Tatu, njia ya pili isiyofuata ya kwanza. Waya wa pili uliofukiwa katika mtaro ule ule si njia ya pili. Redio inayopitia mnara mwingine, au setilaiti, ndiyo tofauti ya kweli. Setilaiti za mzingo wa juu ziko karibu kilomita 35,800 kutoka ardhini, hivyo kila swali na jibu huchukua takriban nusu sekunde; kwa risiti na rufaa ya mgonjwa hilo linavumilika, kwa ukurasa wa safari ishirini halivumiliki. Zile za mzingo wa chini huchelewesha kidogo zaidi ya waya.

Nne, kazi iendelee hata njia zote zikifungwa. Kompyuta ya zahanati iwe na uwezo wa kuandika taarifa hapo hapo na kuzituma baadaye. Na baadaye hapo pana mtego: waya unaporudi, vituo vyote vikituma malimbikizo kwa dakika moja, vitaiziba njia upya. Vipangiwe zamu.

Tano, zoezi. Mara moja kila robo mwaka, siku na saa iliyotangazwa, waya ukatwe kwa makusudi kwa dakika thelathini. Hapo itajulikana kama redio inapokea mzigo, kama betri ya mnara imechoka, na kama jedwali la ukutani linafuatwa au ni pambo. Ni heri kasoro igunduliwe Jumanne asubuhi mafundi wakiwa tayari, kuliko usiku wa manane kwa gharama ya mgonjwa.

Hitimisho

Mwezi Agosti 2022 TTCL ilifikisha intaneti ya kasi katika kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari kwenye Mlima Kilimanjaro. Tukio hilo lilithibitisha kwamba katika nchi hii urefu wa mlima si sababu tena ya kukosa mawasiliano. Lakini kufikisha njia ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuitunza na kuiongoza, nayo haitegemei sana fedha za mradi. Hutegemea mezani pawe na karatasi moja iliyokubaliwa, na ujasiri wa kuifuata siku ngumu.

Swali linalobaki mbele ya Waheshimiwa Madiwani si kama mkongo utakatika. Masika yatakuja, barabara zitachimbwa, na bahari ina mambo yake. Swali ni kama siku hiyo muuguzi atakuta njia imeachwa wazi kwa ajili yake, kwa uamuzi uliofanywa na watu waliokaa kwa utulivu na kufikiri kabla. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu unaonekana, na bado ni mwembamba.